Kabla Kisa Hakijapanda Mimbarini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ukweli wa Visa vya Mahubiri

Ukurasa huu umekusudiwa wahubiri, walimu wa shule ya Jumapili, viongozi wa vijana na waumini wa kawaida wa Mombasa na viunga vyake, kuanzia Likoni hadi Mtwapa, ambao wamewahi kusikia kisa cha kusisimua kanisani wakajiuliza kama kweli kilitokea. Maswali haya nimeulizwa mara nyingi katika miaka ambayo nimekuwa nikihubiri na kuwafunza wahubiri walei. Nimeyajibu kwa kadiri ya uzito wa kila moja, kwa hiyo mengine yana majibu marefu na mengine yanatosheka na aya moja.

Ikiwa fundisho la kisa ni zuri, kuna haja gani ya kujua kama kilitokea?

Bibi zetu wa Pwani walilijibu swali hili zamani. Kabla ya kusimulia habari za sungura na fisi, msimuliaji aliita, "Hadithi, hadithi!" na watoto wakaitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Neno uongo lilitajwa waziwazi mlangoni, kabla hata mnyama wa kwanza hajafungua kinywa, na hakuna mtoto aliyekwenda kulala akidhani kwamba fisi alizungumza kweli. Makubaliano hayo ndiyo yaliyoifanya hadithi kuwa halali. Yesu naye alipofundisha kwa mifano alisema, "Mtu mmoja alikuwa na wana wawili," bila kutaja jina la mtu huyo, kijiji chake wala mwaka, na waliomsikiliza walijua kwamba wanasikiliza mfano.

Mimbarini hakuna kiitikio cha namna hiyo. Mhubiri anaposema kwamba wanasayansi fulani, katika nchi fulani, waligundua jambo fulani, ameacha kiti cha msimuliaji na kusimama kama shahidi, na waumini wanampokea kama shahidi kwa sababu wanamwamini. Paulo aliliona jambo hili kuwa zito kiasi kwamba aliwaandikia Wakorintho kuwa, kama Kristo hakufufuka, basi yeye na wenzake wangekuwa mashahidi wa uongo wa Mungu. Hakusema kwamba fundisho ni zuri hata kama tukio halikuwapo.

Iko pia sababu ya kichungaji. Kijana aliyeketi safu ya nyuma ana simu mfukoni, na kabla ya neema kutamkwa ameshakitafuta kisa alichokisikia akakuta kwamba hakina msingi. Hatasema kitu. Lakini mhubiri yuleyule akisimama Jumapili ya Pasaka kutangaza kaburi tupu, kijana huyo atakuwa na sababu ya kujiuliza kama hilo nalo lilitoka mahali palepale.

Ni visa gani visivyo vya kweli vinavyosikika zaidi katika makanisa yetu?

Cha kwanza kwa umaarufu ni cha tai. Husimuliwa kwamba tai huishi miaka 70, lakini afikapo 40 mdomo wake hupinda, kucha hulegea na manyoya huwa mazito, ndipo hupanda mlimani, akaupiga mdomo wake kwenye mwamba hadi ung'oke, akangoja uote mwingine, kisha akang'oa kucha na manyoya, na baada ya siku 150 huruka tena akiwa kijana. Mimi mwenyewe nilikisimulia kisa hiki katika ibada ya vijana, Changamwe, nikiwa na Isaya 40:31 mkononi, na kanisa zima likasimama kwa shangwe. Tulipotoka nje, msichana wa kidato cha tatu alinifuata hadi kwenye mwarobaini tulipokuwa tukinywa chai, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, miezi mitano hiyo hana mdomo wala kucha, anakula nini?"

Sikuwa na jibu, na nilipokwenda kulitafuta nilikuta kwamba halipo. Mdomo wa tai ni mfupa wa taya uliofunikwa na gamba gumu la keratini, ambayo ndiyo maada ya kucha zetu, na gamba hilo hukua na kulika maisha yote bila kupinda ghafla uzeeni. Tai aliyevunjika mdomo porini hufa kwa njaa. Manyoya hubadilika kidogo kidogo, moja likianguka na jingine likiota, ili ndege asikose uwezo wa kuruka. Kuhusu umri, tai mwenye kichwa cheupe wa Marekani aliyeishi muda mrefu kuliko wote katika kumbukumbu za ndege wa porini waliovishwa pete alifikisha miaka 38, yaani hata huo mwaka wa 40 wa kisa hakuuona. Zaburi 103:5 inaposema ujana hurejezwa kama tai, haihitaji mwamba wala damu. Yatosha kumtazama tai aliyevaa manyoya mapya akielea juu ya mkondo wa Tudor.

Cha pili ni kisa cha kompyuta za NASA, shirika la anga la Marekani, zilizogundua siku iliyopotea, ile ambayo jua lilisimama katika Yoshua 10. Kilienezwa na Mmarekani aitwaye Harold Hill mwishoni mwa miaka ya 1960, na NASA imekikanusha. Kilicho muhimu kwa mkaguzi ni kwamba hoja hiyohiyo ya hesabu za siku iliyopotea ilikuwa imechapishwa na Charles Totten mwaka wa 1890, miaka 68 kabla NASA haijaundwa. Kisa kilikuwa kizee kuliko mashine zinazodaiwa kukizaa. Isitoshe, kompyuta haiwezi kugundua siku iliyokosekana zamani ikiwa haina tarehe ya awali, iliyohesabiwa kwa njia nyingine, ya kulinganisha nayo.

Vingine navitaja kwa ufupi. Hakuna ushahidi wa kiakiolojia wala wa maandishi ya karne za kwanza kwamba Yerusalemu ilikuwa na lango dogo lililoitwa Jicho la Sindano ambamo ngamia alipita kwa kupiga magoti. Na kama lingekuwapo, wanafunzi wasingeshangaa na kuuliza ni nani basi awezaye kuokoka. Kamba iliyofungwa mguuni mwa kuhani mkuu ili avutwe nje akifa haimo katika Kutoka wala Mambo ya Walawi, na hutajwa kwanza katika maandishi ya Zama za Kati. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, hakusomeshwa na baba yake Winston Churchill, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza, kama zawadi kwa kuwa Churchill aliokolewa matopeni utotoni. Fleming mwenyewe alikana, na Churchill alipougua nimonia mwaka wa 1943 alitibiwa kwa dawa ya salfa wala si kwa penisilini. Kuhusu Charles Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi, kutubu kitandani pa mauti, habari hiyo ilitolewa na mwanamke aliyejulikana kama Lady Hope na kuchapishwa mwaka wa 1915, miaka 33 baada ya Darwin kufa, na bintiye Darwin, Henrietta, aliyekuwapo baba yake alipokata roho, aliandika mwaka wa 1922 kwamba mama huyo hakuwako.

Inanihuzunisha kwamba visa vya Darwin na NASA husimuliwa kwa nia ya kuitetea imani. Ayubu aliwauliza rafiki zake kama wanataka kusema yasiyo haki kwa ajili ya Mungu, na sioni namna ya kulikwepa swali lake.

Je, kuna visa vya kweli vilivyopambwa hadi vikapotoka?

Vipo, na hivi vina hatari zaidi kwa sababu mhubiri akikagua kidogo tu hukuta kwamba mtu aliyetajwa aliishi kweli, akaridhika.

Mfano mkubwa ni John Newton, aliyetunga wimbo wa neema ya ajabu. Husimuliwa kwamba alikuwa nahodha wa meli ya watumwa, dhoruba ikampata, akamlilia Mungu, akawaacha huru watumwa wote na kuandika wimbo huo papo hapo sitahani. Dhoruba ilikuwapo, Machi 1748, katika meli iitwayo Greyhound, na Newton aliihesabu siku ile kuwa mwanzo wa kumrudia Mungu. Lakini baada ya dhoruba aliendelea na biashara ya watumwa, na unahodha wenyewe aliupata baadaye, hadi afya ilipomlazimisha kuacha bahari mwaka wa 1754. Wimbo aliuandika akiwa kasisi mjini Olney kwa ajili ya ibada ya tarehe 1 Januari 1773. Kijitabu chake cha kuilaani hadharani biashara ya watumwa kilitoka mwaka wa 1788, miaka 40 baada ya dhoruba.

Hapa Mombasa jambo hili si la vitabuni tu. Ng'ambo ya kisiwa, karibu na Nyali, iko Frere Town, makao yaliyoanzishwa na wamisheni wa Kanisa la Anglikana mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, na wajukuu wa vitukuu vyao wanaabudu katika makanisa yetu hadi leo. Kumwambia mzao wa Frere Town kwamba mfanyabiashara wa watumwa alitubu na papo hapo minyororo ikaanguka ni kuwafuta watu waliofungwa kama babu yake, ambao walisafirishwa katika miaka hiyo ambayo Newton alikuwa ameshaanza kusali. Kisa cha kweli ni kizito zaidi: mtu aliombea chakula chake juu ya sitaha huku wenzake wakiwa wamefungwa chini yake, na ilimchukua miaka mingi kuliona alilolifanya. Mahubiri hayo yangetufaa sisi tunaosali na huku tunawanyima wafanyakazi wa nyumbani mishahara yao.

Kwa upande mwingine, Horatio Spafford, aliyetunga ule wimbo tunaouimba katika Tenzi za Rohoni, "Nionapo amani kama shwari," anastahimili ukaguzi vizuri. Meli ya Ville du Havre ilizama tarehe 22 Novemba 1873, binti zake wanne wakafa maji, na mkewe Anna akampelekea simu ya maandishi iliyoanza kwa kusema kwamba ameokoka peke yake. Karatasi ya simu hiyo imehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Sehemu ya kuandika wimbo melini, alipopita juu ya maji yaliyowameza wanawe, inatokana na masimulizi ya familia, kwa hiyo mhubiri mwangalifu atasema "familia yake ilisimulia kwamba" na hatapoteza chochote.

Vipi kuhusu visa vya hapa kwetu, ambavyo haviko katika intaneti?

Hivi vinahitaji uangalifu kuliko vyote, kwa sababu wahusika wake wanaweza kuwa wameketi mbele yako.

Nilipokuwa kijana nilisikia mahubiri kuhusu mama mmoja wa Mtongwe aliyekuwa akienda ibadani kisiwani Jumapili asubuhi, akakumbuka kwamba ameisahau Biblia, akarudi nyumbani kuichukua, na alipofika tena kivukoni akakuta feri imeondoka. Ndiyo feri iliyozama. Mhubiri akamaliza kwa kusema kwamba aliyeishika Biblia hawezi kuzama. Kanisa likaitikia amina. Mzee mmoja wa safu ya tatu alikunja kofia yake mikononi, akainuka, akatoka polepole kwa mlango wa pembeni. Baadaye niliambiwa na mkewe kwamba mdogo wake alikuwamo ndani ya feri ile, na kwamba alikuwa mwimbaji wa kwaya.

Feri ya Mtongwe ilizama tarehe 29 Aprili 1994, na watu 272 walikufa. Yeyote mwenye kalenda ya simu anaweza kurudi nyuma hadi siku hiyo akaona kwamba ilikuwa Ijumaa. Hakukuwa na ibada ya Jumapili ya kuchelewa. Sisemi kwamba hakuna aliyeikosa feri asubuhi ile; katika kivuko chenye watu wengi namna ile, bila shaka wapo waliochelewa na wanaomshukuru Mungu hadi leo, na ushuhuda wao ukitolewa na wao wenyewe ni wa thamani. Ninachosema ni kwamba mhubiri yule hakumjua mama huyo, wala aliyemsimulia hakumjua, na hakuna aliyechukua dakika moja kuitazama kalenda. Hata kama kisa kingekuwa kweli, hitimisho lake liliwahukumu marehemu 272 ambao baadhi yao walibeba Biblia na wengine misahafu.

Kwa visa vya namna hii, uliza mambo matatu. Ni nani aliyeshuhudia, kwa jina, na je, naweza kuzungumza naye? Kilitokea siku gani, na je, siku hiyo inaafikiana na mambo mengine yanayojulikana? Na je, kisa hikihiki kinasimuliwa pia kuhusu Kisumu, Dar es Salaam au Lagos, kikiwa kimebadilishwa jina la mahali tu? Kisa cha dereva aliyempakia mwanamke mrembo usiku, akatazama chini akaona kwato, kina dereva mpya kila mtaa, na sijawahi kukutana na dereva mwenyewe. Siku zote ni rafiki wa shemeji wa mtu.

Wapo watakaonikumbusha kwamba wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo hutuonya tusipuuze fununu. Haikumpa mtu ruhusa ya kuifanya fununu kuwa ushuhuda.

Nina jioni moja tu kabla ya kuhubiri. Nianzie wapi?

Anza na kisa chenyewe kabla ya kwenda popote. Kiandike kwenye karatasi, kisha upigie mstari kila jina, mahali, tarehe na tarakimu. Ukikuta kwamba hakuna cha kupigia mstari, kwa kuwa wahusika ni "daktari mmoja maarufu" na "utafiti uliofanywa Marekani," tayari umejifunza jambo kubwa. Ukikuta vipo, chukua kile kilicho mahususi kuliko vyote na ukitafute, pamoja na neno linalouliza kama ni kweli. Tovuti ya Snopes imekuwa ikikagua masimulizi ya aina hii tangu 1994, na kwa habari za Afrika ziko Africa Check na PesaCheck, ambazo zote zinafanya kazi nchini Kenya. Usiridhike na idadi ya watu waliokisimulia. Wahubiri mia walionakili kwa mmoja ni shahidi mmoja.

Kisha tafuta chanzo cha zamani kuliko vyote unachoweza kukifikia, na upime umbali wake na tukio. Barua iliyoandikwa wiki ileile ina nguvu kuliko kitabu cha miaka 30 baadaye, na kitabu chenye jina la mwandishi kina nguvu kuliko ujumbe uliosambazwa mara nyingi. Kwa matukio ya Kenya, magazeti ya wakati huo husaidia sana, kwa hiyo waulize wahudumu wa tawi la Mombasa la Maktaba ya Taifa ni yapi waliyoyahifadhi. Na kwa historia ya Pwani iko maktaba ya Fort Jesus.

Ikiwa jioni imekwisha na hujapata kitu, liache jambo hilo na uhubiri andiko lenyewe.

Kuna visa vya Pwani ninavyoweza kuvisimulia kwa moyo mkunjufu?

Viko vingi, na nashangaa kwamba tunaagiza tai kutoka ng'ambo huku hivi vikilala. Mmisheni Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na kabla ya Julai kwisha alikuwa amemzika mkewe Rosina pamoja na mtoto wao mchanga. Kaburi liko upande wa bara, ng'ambo ya Mji wa Kale, na Krapf mwenyewe aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi hilo la upweke ni ishara kuwa kazi imeanza. Tunayo maneno yake kwa sababu aliyaandika.

Mwingine ni Askofu James Hannington, aliyeondoka Pwani mwaka wa 1885 kuelekea Uganda akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Daftari lake la kila siku liliokolewa na kuchapishwa, na katika siku yake ya mwisho ameandika kwamba alitiwa nguvu na Zaburi 30, na kwamba usiku fisi alilia karibu naye kwa kunusa harufu ya mgonjwa. Maneno mashuhuri anayosemekana kuwaambia wauaji wake, kwamba ameinunua njia ya Uganda kwa uhai wake, hayamo daftarini, yanategemea walionusurika. Mimi husimulia yote mawili, lakini la kwanza nasema "aliandika" na la pili nasema "inasimuliwa." Waumini husikia tofauti hiyo, na fisi yule huwakaa moyoni kuliko hotuba.

Je, kuchunguza si dalili ya kukosa imani?

Waberoya walisifiwa katika Matendo 17:11 kwa kuchunguza, na aliyekuwa akichunguzwa ni Paulo. Luka anaanza Injili yake kwa kusema kwamba amejitafutia habari zote kwa usahihi tangu mwanzo. Huku Pwani, baada ya mwaka wa 2023, wakati miili ya watu zaidi ya 400, wengi wao waumini wanaodaiwa kufundishwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa, ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, sidhani kwamba yeyote kati yetu anaweza tena kufundisha kwamba muumini mwema ni yule asiyeuliza.

Lakini uchunguzi si kukanusha kila kitu. Johannes Rebmann, aliyekuwa na Krapf pale Rabai, aliuona weupe juu ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848 na kuandika kwamba ni theluji. Mwanajiografia William Desborough Cooley, akiwa Uingereza, alilikataa jambo hilo kwa miaka mingi, kwa kuwa aliona haiwezekani theluji iwepo karibu na ikweta. Msafara wa Karl Klaus von der Decken, katika miaka ya 1861 na 1862, ulithibitisha kwamba Rebmann alisema kweli. Rebmann alikuwa na tarehe, mahali na macho yake. Aliyemkanusha alikuwa na dhana. Kwa hiyo kisa cha ajabu chenye shahidi anayejulikana kisitupwe kwa sababu tu ni cha ajabu.

Shuhuda za uponyaji nazo zikaguliwe?

Naam, na kwanza kabisa kwa ajili ya mgonjwa mwenyewe. Usitangaze kwamba mtu amepona kisukari au shinikizo la damu kabla hajarudi kliniki kupimwa, kwa maana akiacha dawa kwa sababu ya shangwe yetu, atakayelipa ni yeye. Pia pata idhini yake kabla ya kutaja jina au ugonjwa wake, hasa ikiwa ibada inarushwa mtandaoni. Hiyo ni heshima ya kawaida, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zile zinazolindwa kwa ukali zaidi.

Je, majirani zetu Waislamu wanakabiliwa na jambo hili?

Wanakabiliwa nalo, na katika mazungumzo ya baraza nimejifunza mengi kutoka kwao. Wosia unaodaiwa kuwa wa Sheikh Ahmad, mtunza kaburi la Mtume huko Madina, unaoahidi heri kwa atakayeunakili na balaa kwa atakayeupuuza, umezunguka kwa zaidi ya karne moja. Barua ya aina hiyo, iliyosemekana kutoka Makka, ilienea Lindi mwaka wa 1908 na kuitia hofu serikali ya Wajerumani, kwa kuwa vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika mwaka mmoja tu kabla. Leo inakuja kwa simu ikiwa na onyo lilelile. Wanazuoni wao wameipinga mara nyingi. Ndivyo pia ilivyo kwa habari kwamba Neil Armstrong aliisikia adhana mwezini na kusilimu, ambayo Armstrong aliikana, na mwaka wa 1983 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikaziarifu balozi zake kuhusu kukana kwake.

Wao wana silaha ambayo sisi wahubiri tumeipuuza, nayo ni elimu ya isnadi: hadithi ya Mtume haipokelewi kwa uzuri wa maneno yake tu, huulizwa fulani alipokea kwa nani, naye kwa nani, na kama walikutana kweli. Ustadhi mmoja jirani yangu hunikumbusha riwaya iliyomo katika Sahihi Muslim, kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila analolisikia. Ningependa ibandikwe katika kila chumba cha maandalizi cha kanisa.

Na picha au sauti zinazotumwa kwa WhatsApp?

Tafuta picha yenyewe kwa kutumia Google Lens, ambayo mara nyingi huonyesha kwamba picha ni ya miaka ya nyuma na ya nchi nyingine. Siku hizi ziko pia picha na sauti zilizotengenezwa na akili bandia, na kwa hizo jicho halitoshi; rudi kwenye swali la shahidi.

Mchungaji wetu amesimulia kisa ambacho najua si kweli. Nimwambieje?

Usimwambie mbele ya watu, wala usiandike katika kundi la kanisa. Ngoja siku ipite, mwendee kwa heshima, umwamkie kama unavyomwamkia siku zote, kisha anza na kile ambacho kisa kilikusudia: "Shikamoo, mchungaji. Yale mahubiri ya kumngoja Bwana yalinigusa, nikakitafuta kile kisa nikisome tena, nikakutana na habari hizi." Mpe ulichokikuta na umwachie. Wahubiri wengi ninaowajua hawakubuni kisa. Walikipokea kwa mtu waliyemheshimu, kama wewe ulivyokipokea kwao, na aibu huwapata haraka. Ukiwa mdogo sana kwake kwa umri, pitia kwa mzee wa kanisa ambaye anamsikiliza.

Naweza kutumia kisa kizuri ambacho siwezi kukithibitisha?

Unaweza, mradi useme ni hadithi. "Nitawasimulia hadithi," au "Tuseme palikuwa na mvuvi wa Kilindini." Ondoa majina ya watu halisi, ondoa tarehe, ondoa neno utafiti. Ukiona kwamba kisa kimekufa mara ulipoondoa madai kuwa kilitokea, basi nguvu yake yote ilikuwa katika madai hayo, na huna haki nayo.

Nimeshasimulia kisa kisicho kweli. Sasa je?

Kirekebishe mahali palepale ulipokisimulia, mbele ya watu walewale, kwa maneno machache. Baada ya swali la yule msichana wa Changamwe, niliomba dakika mbili Jumapili iliyofuata, nikasema: "Wiki iliyopita niliwaambia habari za tai anayeng'oa mdomo wake. Si kweli; sikuwa nimeichunguza, na naomba msamaha. Andiko la Isaya liko palepale." Nilikuwa nimejiandaa kwa minong'ono, lakini kanisa lilikaa kimya, kisha mama mmoja wa kwaya akasema kwa sauti, "Asante, mwalimu." Msichana yule sasa yuko chuoni, na kila Alhamisi jioni mimi na wahubiri wenzangu wawili humtumia visa tunavyokusudia kuvitumia, yeye huturudishia kabla ya Jumamosi, vingi vikiwa na alama ya kuuliza pembeni.